Vidonge Vyako Nilivimeza Mimi

Chakol, Jumapili usiku

Mwanangu Nabwire,

Ningeanza kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba mimi huku ni mzima na hofu ni kwako tu. Lakini mimi si mzima, na hofu iko kwetu sote wawili, wewe chumbani kwako na mimi hapa mezani, ukuta mmoja tu katikati. Nasikia unafunga sanduku, kisha unalifungua tena. Ningeweza kubisha nikakuambia haya kwa mdomo. Nimesimama mbele ya mlango wako mara mbili jioni hii, na mara zote mbili nimerudi kukaa. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana utaona herufi zinacheza.

Sitakuambia habari za kufunga pesa kwenye leso wala za kutokula vya njiani. Mama yako anayasema hayo tangu Jumatano na bado hajamaliza. Mimi nina neno moja, na hata ukilisoma ukaichana barua, liwe angalau umelisoma. Vidonge vyako havikutupwa chooni. Nilivimeza mimi.

Soma tena kama hukuamini. Nilikuambia umepona, nikauchukua mkebe mkononi mwako, nikasema naenda kuutupa. Sikuutupa. Nilivimeza msimu wa pamba, na wewe ukarudi kuugua mbele ya macho yangu, nami nikanyamaza. Kesho unakwenda Kericho kuchuma chai kwa sababu unaamini kichwa chako kimeharibika na hakuna dawa ya kukiweza. Si kweli, mwanangu. Dawa ilikuweza. Aliyekuharibia ni baba yako.

Nataka ujue ilikoanzia. Si ili unionee huruma, maana hata mimi nimeacha kujionea. Ni ili ujue kwamba ugonjwa huu hukuuokota barabarani wala hukulogwa na mtu. Uliutoa kwangu.

Unajua wajomba zako wa Usamia wanavyonisifu mimi, mkwe wao wa Kiteso. Tangu nimwoe mama yako, nikienda kwao nakaa nje karibu na zizi. Sili mbele ya mama mkwe, simtazami, simpi mkono, na nikimwona njiani naingia kichakani hadi apite. Mila inataka hivyo kwa mama mkwe. Mimi niliongeza yangu. Niliingia kichakani hata kwa mashemeji, hata kwa watoto wa mashemeji. Kuna siku nilimpisha mtoto wa shule aliyekuwa anaswaga mbuzi. Wakasema, "Huyu Mteso ako na heshima, hatujawahi kuona mkwe kama huyu." Nabwire, haikuwa heshima. Moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni, jasho linanitoka, na niliona afadhali miiba ya kichaka kuliko macho ya watu. Nilishukuru sana kwamba mila ilinipa mahali pa kujificha, tena kwa sifa.

Ndipo ukazaliwa wewe. Wageni wakija unakimbilia nyuma ya mlango, ukitumwa maji unayaweka kizingitini na kutoweka. Watu wakasema, "Mtoto wa adabu kama baba yake." Na mimi nikafurahi! Niliuona ugonjwa wangu ukikua ndani ya mtoto wangu nikaupigia makofi.

Kuna jambo lingine sijawahi kukuambia. Kabla ya kuoa nilikwenda Uganda kukata miwa. Hapa nyumbani walidhani nafuata mshahara. Nilifuata miwa yenyewe, ile mirefu inayomficha mtu. Niliwaza, huko nitakuwa mimi na panga langu, nani atanitazama? Na kweli, siku za mwanzo nililala vizuri. Kisha ikafika siku ya mshahara. Tukapangwa uwanjani, karani anaita jina, wewe unajibu kwa sauti na kutembea mbele ya watu wote mpaka mezani. Walipoita "Osuru Yona," ulimi ukanikauka. Wakaita tena. Mtu wa huku kwetu niliyekuwa nimesimama naye akanisukuma mgongoni. "Si ni wewe? Si uende?" Miguu ikagoma. Karani akasema, "Huyo ametoroka, futa." Na mimi nimesimama pale pale, nasikia nikifutwa. Nilirudi nyumbani mikono mitupu nikadanganya kwamba niliibiwa njiani. Babu yako alikufa akiwalaani wezi ambao hawakuwako.

Kwa hiyo habari yako ya Kericho inanikata maini. Nilikuwa nje nanoa jembe nikasikia ukimwambia mama yako, "Huko ni majani tu, hakuna mtu wa kuniangalia." Yuko, Nabwire. Yuko mnyapara. Iko foleni ya kupima majani jioni, kila mtu na kikapu chake, na jina lako litaitwa. Hofu haitabaki hapa Busia ikingoja urudi. Itapanda basi pamoja nawe, na wala haitalipa nauli.

Sasa nikukumbushe ulivyokuwa, kwa sababu naona umesahau. Ulipoanguka mbele ya darasa katika kidato cha nne, ukawa huwezi kula mbele ya mtu wala kuvuka uwanja wa shule, tulikupeleka kwa daktari wa misheni, yule Mzungu mwenye Kiswahili cha kuvunja mawe. Hakucheka. Hakusema una mapepo. Alisema iko hofu ya watu ambayo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, akakupa vile vidonge vidogo vyeupe. Miezi ikapita. Ukamaliza shule. Ukapata kazi ya kufundisha pale Busibwabo hata kabla ya kwenda chuo, darasa la tatu, watoto wakawa wanakufuata njiani kama vifaranga. Jumamosi unarudi nyumbani umejaa hadithi zao. Yule aliyekula chaki akidhani ni muhogo mkavu. Ulikuwa unacheka mpaka mama yako anakufukuza jikoni.

Na ile Jumamosi ya soko la Busia, unaikumbuka? Mama mmoja wa samaki kutoka Budalang'i alitaja bei kubwa. Mimi nilikuwa tayari kulipa nijiondokee. Wewe ukainama juu ya samaki ukasema, "Mama, hii ngege inaniangalia vibaya, punguza kidogo." Yule mama akacheka hadi akashika kiuno, akasema, "Chukua, chukua, mwalimu, isije ikakuuma." Watu wote walikutazama na wewe ukacheka nao. Nilikuwa nyuma yako nimeshika baiskeli na machozi yananilenga. Nilifurahi, Mungu anajua. Lakini ndani ya furaha hiyo kulikuwa na wivu. Nilimwona mtu ambaye mimi sikupata kuwa, na nikajua anakunywa nini asubuhi.

Unajua kazi yangu ya ukarani wa mizani kwenye ushirika. Mkulima analeta pamba yake, safi huku na fifi, ile chafu, huku, naipandisha kwenye mizani, nasoma uzito, naita kwa sauti watu wote wasikie. Kila mwaka hapo ndipo ninapokufa. Mkono unatetemeka, sauti inapasuka, simtazami mtu machoni, na shati limelowa hata asubuhi ya baridi. Watu wakaanza. "Mbona huyu karani hawezi kuangalia mtu? Anaficha nini?" Msimu mmoja kamati ilikuja kuipima mizani upya mbele ya wakulima wote. Mizani ilikuwa sawa. Lakini nani alikumbuka kwamba ilikuwa sawa? Walikumbuka jasho langu.

Na huku kwetu mpakani jasho ni ushahidi. Tangu mambo yaharibike Uganda na chumvi na sabuni zianze kuvushwa usiku, askari wa Malaba hahitaji kuona mzigo, anaangalia uso tu. Wenye magendo wanapita wakimsalimia kwa jina. Mimi nimebeba mbegu za mtama nawekwa kando. "Wewe mzee, mbona unatetemeka? Fungua hiyo." Nadhani nimepekuliwa Malaba kuliko wafanya magendo wenyewe.

Basi msimu wa pamba ukawa unakaribia, nawe una kazi nyingi shuleni, ukanituma nikuchukulie vidonge. Daktari alinipa mkebe mkubwa wa kufika Krismasi kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara. Akanishika bega akasema maneno ambayo sikukufikishia. "Mzee, mtoto yako akisikia yeye mzuri, hapana simama mara moja. Yeye kuja hapa, sisi punguza kidogo kidogo. Kama yeye simama gafla, hofu iko rudi na rafiki yake." Nikasema, ndiyo daktari. Kabla ya kufika barabara kuu nilisimamisha baiskeli, nikafungua mkebe, nikajaribu kimoja.

Sitakudanganya kwamba kilikuwa kibaya. Wiki ile niliuliza swali kwenye mkutano wa ushirika. Lilikuwa swali la kijinga, kuhusu magunia, lakini niliuliza, na mwenyekiti akanijibu, na mbingu hazikuanguka. Usiku ule nililala kama mtu aliyetua gunia. Nikaendelea kuchukua. Ulipokuwa Busibwabo na vidonge vya wiki tu, nilikuwa namega kwenye ule mkebe uliouficha hapa nyumbani chini ya nguo zako, mpaka wewe mwenyewe ukaniuliza, "Baba, mbona naona kama zinapungua?" Mkebe haukutosha watu wawili. Hapo nikachagua.

Nataka niyaandike maneno yenyewe ili uone yalivyokuwa mepesi. Nilisema, "Nabwire, wewe sasa umepona, wacha dawa." Ukauliza, "Daktari ndiye amesema?" Nikasema, "Amesema." Ukauliza, "Mara moja tu hivyo, baba?" Nikakujibu, "Malaria ikiisha bado unameza klorokwini? Na hizi dawa zikikaa sana mwilini zinaharibu uzazi." Hilo la uzazi lilitoka wapi hata sijui. Nililisikia sokoni. Ukaniangalia kidogo, ukaingia ndani, ukaniletea mkebe kwa mikono miwili, kwa heshima, kama unavyonipa maji ya kunawa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu yalikuwa mwilini mwako. Lakini mimi niliyaona na nilijua sababu. Hukulala. Kikombe kikawa kinagonga meno yako. Rafiki wa hofu alifika kweli kama daktari alivyosema. Ikaja siku ya wazazi pale shuleni, watoto wako wamepangwa mstari na nguo zilizopigwa pasi, wanangoja uwaambie waanze shairi lao. Ukatoka kwa mlango wa nyuma. Waliendelea kusimama pale, wakikungoja. Mwalimu mkuu alikuja hapa nyumbani mara mbili kukubembeleza urudi, nawe ukajifungia jikoni. Nami, aliyekuwa na dawa yako mfukoni mwa suruali, nilisimama nje ya mlango wa jikoni nikakuambia uombe Mungu zaidi.

Siwezi kulisoma tena hilo nililoandika. Naliacha hapo.

Mkebe ukaisha pamba ikiwa bado inaletwa. Siku chache tu, na mimi nikarudi nilikotoka, na chini zaidi. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu kwamba hukuwa mzembe. Wewe na mimi hatujafanana umri, wala kazi, wala imani katika maombi, lakini tulimeza kitu kimoja tukasimama, tukakikosa ghafla tukaanguka. Usijiite tena kichwa kibovu. Ukijiita hivyo, jua unarudia uongo wangu.

Kitu kimoja kizuri kilitokea wakati ule, na nakupa kwa sababu ni changu kweli, sikukiiba kwa mtu. Alikuja mama mzee Pulisikila na pamba yake. Mizani ilikuwa inaruka machoni mwangu. Nilitaka kuangusha kila kitu nikimbilie mtoni. Badala yake, sijui nguvu nilitoa wapi, nikamnong'oneza, "Mama, mimi huwa naogopa watu. Natetemeka hivi, lakini sikuibii. Soma wewe mwenyewe." Akanitazama toka juu hadi chini. "Kumbe ni uoga tu? Na sisi tulijua ni wizi!" Akaisoma, akaiita kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe, kisha akawageukia wenzake. "Kujeni msome wenyewe, karani anaogopa nyinyi!" Walicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini sikuondoka, na kabla ya gunia la tatu mikono ilikuwa imetulia kidogo. Haikutulia kabisa. Ilitulia kiasi cha kushika kalamu. Tangu siku ile wakulima wanasoma wenyewe, na hakuna aliyesema tena kwamba naiba.

Sikusema hivyo kukuambia kwamba dawa haina kazi. Ina kazi. Nasema siku ambazo itakuzidi hata ukiwa nayo, na zitakuwako, mwambie mtu mmoja. Mmoja tu aliye karibu. Na ukiweza usiondoke mahali pale kabla haijashuka, kwa sababu ukikimbia ikiwa juu, inabaki juu. Mimi nimeikimbia toka kwenye miwa mpaka leo na haijachoka.

Laiti ningejifunza hayo kabla ya siku ile ya hospitali. Sasa nafika hapo. Nimekunywa maji kwanza.

Ulikuwa umedhoofika, mama yako akasema twende tukaombe dawa nyingine. Sista anayegawa dawa akafungua kadi yako mbele ya benchi zima. "Hizi zilikuwa za kufika Krismasi. Zimeenda wapi?" Ukageuka ukanitazama. Nakumbuka macho yako. Ulikuwa unanisubiri niseme tu kwamba nilizitupa chooni kwa ujinga wa mzee. Hata uongo wangu mwenyewe ulinishinda kusema! Watu walikuwa wanatuangalia, Nabwire. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Sista akasema, "Msichana, naongea na wewe. Umeuza ng'ambo?" Mtu kwenye benchi akadakia, "Si ndio hawa wanamaliza dawa yetu, wanapeleka Malaba usiku?" Mwingine akasema, "Angalia hata hawezi kuinua uso. Huyo ni yeye." Na wewe, uliyekuwa unatetemeka mwili mzima, uliyeogopa macho ya mtu mmoja sembuse ya benchi, ukasema, "Ni mimi, Sista. Nilizipoteza."

Wakatufukuza bila dawa. Wakaandika kitu kwenye kadi yako.

Ulinilinda. Ulidhani unamlinda mzee aliyetupa dawa kwa kutojua. Hukujua unamlinda mwizi. Njiani hukunilaumu hata kwa neno. Ulisema tu, "Baba, twende polepole, miguu yangu haina nguvu." Kesho yake ukaanza kumuuliza mama yako habari za shangazi yake anayechuma chai Kericho. Sina usiku ambao sijasikia ile sauti yako ikisema ni wewe.

Leo jioni nilimwambia mama yako. Alikuwa anasonga ugali. Aliendelea kusonga mpaka ugali ukashika chini. Kisha akasema, "Mimi unaniambia ya nini? Dawa ilikuwa yangu? Mwambie mwenyewe." Akaondoa sufuria. "Na usimwambie kwa barua kama karani." Unaona, hata hilo moja nimeshindwa. Alikataa kula, na hiyo ndiyo sababu ulikula peke yako.

Sasa nakuomba, na ningekuwa na miguu ya kuingia chumbani kwako ningeomba nikiwa nimepiga magoti, ingawa mila haimruhusu baba. Usipande lile basi la kupitia Kisumu asubuhi. Twende kwanza mpaka njia panda ya hospitali, mimi na wewe, na sanduku lako nitalibeba kwenye baiskeli. Turudi mbele ya Sista yule yule, siku ya foleni, watu wakiwa wamejaa. Nitasema ni mimi. Nitasema huyu hakuuza kitu na kadi yake isafishwe. Daktari akupe tena, akuanzishie anavyojua yeye. Na siku yoyote utakayotaka kuacha, hata kama ni baada ya miaka, hata kama ni mumeo anakuambia umepona, au mchungaji, au mimi, usiache kwa neno la mtu asiye daktari. Nenda kwa daktari mpunguze polepole. Mimi nitaomba kadi yangu mwenyewe. Nilipaswa kuiomba kabla hujazaliwa.

Ukishapata dawa, kama bado unataka Kericho, nenda. Nitakupandisha basi la mchana mwenyewe. Sikuzuii kwa sababu nimepoteza haki ya kukuzuia jambo lolote. Nataka tu uende kwa kuwa unataka kwenda, na siyo kwa kuwa baba yako alikuacha ukatazamwa peke yako. Na kama utataka kurudi kwa watoto wa Busibwabo, mwalimu mkuu hajaajiri mtu. Nilimuuliza.

Nimeyafanyia mazoezi yale maneno zizini. "Sista, vidonge nilimeza mimi." Kwa ng'ombe yanatoka vizuri kabisa. Kwa watu sijui. Mwanangu, najijua, na sitaki kukuahidi ushujaa ambao hujawahi kuuona kwangu. Inawezekana tukafika, Sista akauliza, benchi likageuka, na mimi nikasimama pale bila ulimi kama siku ile. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kufa.

Likitokea, nakusihi, usiseme tena ni wewe. Usinihurumie. Toa barua hii mpe Sista. Akisema hana nafasi, mpe yeyote kwenye benchi anayejua kusoma, aisome kwa sauti mpaka aliye mlangoni asikie. Nimeandika jina langu lote hapa chini pasiwe na shaka ni nani. Mimi nitakuwa nimesimama kando yako, wote wananitazama, na hata miguu ikitetemeka namna gani, safari hii sitatoka.

Baba yako,
Yona Osuru,
karani wa mizani, Chakol